Fundi Kabadili Mtu

Kwenye mabanda ya gemu ya Mpanda mtu haulizwi kabila. Anaulizwa kwenye Tekken, gemu ya kupigana, anamchukua nani. Kuna wa Jin, kuna wa Paul, kuna wa Hwoarang ambaye mwenyewe hajawahi kulitamka jina hilo sawasawa, na kuna wa Eddy, ambaye watu humsogelea kwa tahadhari. Ukishajulikana, umejulikana. Jina litakufuata mpaka sokoni, na mama muuza dagaa asiyejua Tekken ni mnyama gani atakuita hivyo hivyo, akidhani ndivyo ulivyobatizwa.

Mwenye kisa hiki ni fundi simu, na hapa aitwe Fundi tu, kwa kuwa ndivyo mtaa unavyomwita mchana. Usiku, akishika pedi, alikuwa wa Law. Marshall Law ni mpishi anayepigana kwa mtindo wa Bruce Lee, kelele zikiwemo, na katika hadithi za gemu hiyo haishi kuandamwa na shida ya pesa, jambo linalomfanya apendwe sana na mafundi simu. Silaha kuu ya Fundi ilikuwa moja: nyuma na pembetatu, kisha msalaba, kisha duara. Ngumi, teke la miguuni, teke la kumaliza. Aliibonyeza akiwa macho, na wanaomfahamu wanasema hata usingizini kidole gumba cha kulia hakitulii.

Kibanda chenyewe kiko Makanyagio, hapo hapo Mpanda. Kina PS4 moja, runinga bapa moja, mabenchi mawili, ruta iliyofungwa dirishani kwa waya ili ipate mtandao, na feni inayogeuka mpaka kwa mwenye kibanda halafu inaishia hapo. Sheria ni ile ya mabanda yote: unalipa kwa mechi, na anayefungwa anapisha.

Sheria hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wazima wenye akili zao hushikilia mhusika mmoja kwa miaka. Tekken 7, kwa nyongeza zake zote, ina wahusika wapatao 50. Yumo dubu, yumo ninja mwenye upanga, yumo Akuma aliyehamia kutoka Street Fighter na Negan aliyetoka kwenye tamthilia ya mazombi. Lakini nani atajaribu dubu kwa hela yake? Ukimchukua usiyemjua, unafungwa, unapisha, na unarudi mwisho wa foleni kusubiri watu sita wamalize. Gemu ina chumba cha mazoezi ambamo adui husimama tu akipigwa, na kila mwongozo humshauri mwanafunzi aanzie humo. Mwongozo haujawahi kukaa kwenye benchi la Makanyagio. Lipia muda, ingia mazoezini, anza kumtandika mtu asiyejibu, uone.

"Fundi, huyo si keshakufa? Pisha."

Aliyemtoa Fundi kwa Law ni mwanafunzi wa sekondari, aliyeingia jioni moja akiwa bado na sare.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umekuja kujifunza?"

"Ndiyo, Fundi."

Akamchukua Eddy. Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera, aliingia kwenye Tekken 3 mwaka 1997, na tangu hapo ana sifa moja dunia nzima: hata asiyejua kitu, akivibonyeza ovyo vile vitufe viwili vya mateke, Eddy atabingirika, atasimama kwa mikono, atafagia chini, atapaa, na mwenye ujuzi wake atabaki akijiuliza azibe juu au chini. Dogo alikuwa anabonyeza huku anatazama mlangoni, asije mama yake akapita. Fundi alijaribu nyuma na pembetatu. Alipofika kwenye msalaba alikuwa tayari yuko hewani, na si kwa hiari yake. Raundi tatu zikaisha, akapisha.

"Asante, Fundi," dogo akasema kwa adabu zote. Bora angetukana.

Hapo ndipo Fundi alipoamua kubadili mtu, na kujifunzia mtandaoni. Hoja yake haikuwa mbaya. Mtandaoni ukifungwa hupishi, unaletewa adui mwingine. Anayekupiga hakujui, hajui duka lako liko wapi, na kesho hatakuja na simu iliyopasuka kioo akitabasamu. Akapatana na mwenye kibanda: saa nne usiku foleni ikipungua, alipe kwa saa badala ya mechi. Kilichosahaulika kwenye mapatano ni kwamba mabenchi hayaendi kulala. Vijana walibaki, bure, na karanga.

Kuhusu kuingia mtandaoni kuna jambo la kiutawala. PlayStation haiiweki Tanzania kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti, kwa hiyo wachezaji wa huku hujiandikisha kuwa wakazi wa kwingine. Kwa mujibu wa akaunti ya kibanda, Fundi anaishi Texas. Kwa mujibu wa mtandao, haishi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 Tekken 7 humwonyesha mpinzani kama umeunganishwa kwa waya au kwa Wi-Fi, pamoja na vile vijiti vya ubora wa mawasiliano, na watu wakiona Wi-Fi yenye vijiti viwili hukataa mechi bila hata salamu. Sehemu kubwa ya saa ya kwanza ya Fundi, iliyolipiwa, ilipita akikataliwa.

Wanaokataa hawana roho mbaya, wana hesabu. Gemu hizi huigawa sekunde moja vipande 60. Teke la miguuni lile la polepole huchukua vipande kama 20 kukufikia, na binadamu wa kawaida anahitaji karibu 15 ili jicho lione na kidole kitii. Vinabaki vitano vya kupumulia. Sasa taarifa ikichelewa njiani milisekunde 100 tu, vipande sita vimekwenda na maji. Hapo huzibi kwa kuona tena, unaziba kwa kuomba. Na Mpanda ni mbali. Reli ilipofika hapa, tawi la kutoka Kaliua, ililetwa na madini ya risasi ya Uruwira, si na watu waliotaka kufika haraka. Taarifa ya kitufe cha duara kilichobonyezwa Makanyagio inapaswa kuvuka nusu ya nchi mpaka pwani, izame baharini kwenye nyaya za aina ya SEACOM na EASSy, zilizoanza kazi 2009 na 2010, iende imkute mtu kwenye kochi lake, halafu irudi na majibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwingineko. Siku hiyo nchi nzima ilikuwa na udhuru wa kufungwa. Fundi anautumia mpaka leo.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa King.

King ni mwanamieleka wa Meksiko anayevaa kinyago cha jagwa, yule chui wa Amerika, mlezi wa kituo cha yatima, mtu mzito na mwema ambaye kazi yake ni kukushika na kukubwaga. Uzuri wake ni mishiko inayofuatana: unamshika adui, kabla hajaanguka unamshika kwingine, unampindua, unamvunja kiuno, unamzungusha, na mlolongo mzima unaandikwa kwa vitufe virefu kuliko namba ya LUKU. Fundi aliunakili kwenye karatasi ya risiti na kuibandika chini ya runinga.

Mechi ikaanza. Mpinzani akasogea, Fundi akaona nafasi, akili ikasema mshike, na kidole gumba, mtumishi mwaminifu wa Law, kikabonyeza nyuma na pembetatu, msalaba, duara. King akatupa mkono wake, akasimama, akabaki pale ubavu wazi. Hakuna teke la miguuni. Hakuna teke la kumaliza. Akapigwa ukutani mpaka damu ikabaki robo. Fundi akainama kusoma karatasi. Huku nyuma mechi ikaendelea bila yeye.

"Fundi, unasoma nini? Risala?"

Raundi ya pili alisoma kwanza, akakariri, akapata mshiko mmoja. Kibanda kikalipuka. Ila mshiko wa Tekken una dawa, mpinzani akibonyeza kitufe sahihi mapema anajinasua, na huyu alijinasua kwa utulivu wa mtu anayefunga kamba za viatu. Alishajua. Mchezaji wa King anayeanza hujulikana haraka: anakuja mbele mno, anatembea kidogo, anasita, anakumbuka, anashika. Baada ya mechi ukaja ujumbe wa Kiingereza, mfupi. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akajitolea kuutafsiri, akasoma kimya, kisha akasema ni mambo ya kawaida tu.

Yoshimitsu ndiye aliyefuata, na huo ulikuwa uamuzi wa hasira. Yoshimitsu ni ninja wa upanga ambaye waundaji wake walimpa kitu ambacho hakuna mwenye akili angekipa mashine: uwezo wa kujidhuru. Kuna vitufe vikibonyezwa anajichoma upanga tumboni mwenyewe, akilenga kumpata na adui, na damu yake inashuka. Ukimzungusha kupita kiasi anapata kizunguzungu na kuanguka chali, bila kuguswa. Mabingwa huyatumia mambo haya kwa hila. Mgeni huyakuta kwa bahati mbaya. Fundi alikuwa mbele kwa damu, kwa mara ya kwanza usiku ule, adui anayumba, mabenchi yamesimama, akabonyeza alichodhani ni ngumi ya mwisho. Yoshimitsu akapiga magoti na kujitoboa.

Kimya kikatanda, halafu sauti kutoka nyuma: "Fundi, umemkosea nini huyo mzee?"

Mtandao nao ukaongeza yake. Zamani gemu za mtandaoni zilisubiriana: mashine yako haisongi mpaka ipate habari za mwenzako, na picha ikawa nzito. Mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa mashindano ya EVO, akatoa mfumo wake uitwao GGPO, wenye mbinu nyingine: mashine isisubiri, ibahatishe mpinzani atafanya nini, na ikikosea irudishe mambo nyuma na kuyapanga upya. Tekken 7 nayo ina namna yake ya kufanya hivyo. Mawasiliano yakiwa mazuri hutaona kitu. Yakiwa ya ruta iliyofungwa dirishani, ni VAR. Fundi anampiga mtu teke la kichwa, anaona kabisa limeingia, benchi linashangilia, halafu picha inaruka na yuko chini yeye, bao limefutwa, na hakuna mwamuzi wa kuzongwa.

Ni haki kusema kwamba kubadili mtu huwatesa hata wakubwa. Leroy Smith alipoongezwa kwenye Tekken 7 Desemba 2019 alikuwa na nguvu za kupindukia, na wachezaji wa kulipwa wakawatelekeza watu wao wa miaka mingi. Kwenye EVO Japan ya Januari 2020, wengi wa waliofika nane bora walikuwa wanamtumia yeye. Wiki zilizofuata akapunguzwa makali, na waliohama wakarudi kimya kimya walikotoka. Vijana wa Mpanda wanalijua jambo hilo kwa siasa za majimbo, maelezo zaidi hayahitajiki.

Mfano unaomgusa Fundi zaidi ni wa Lahore. Mwaka 2019 kijana wa Kipakistani aitwaye Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash, alitokea karibu bila kujulikana akatwaa EVO Japan mwezi Februari na EVO ya Las Vegas mwezi Agosti. Alipoulizwa, akasema kwao wako wengine wa aina yake. Bingwa wa Korea anayejulikana kama Knee akapanda ndege kwenda kuhakikisha, akapigwa na watu ambao jina lao lilikuwa halijavuka mpaka. Hawakuwa wamefundishwa na mtandao, kwa kuwa wao pia mtandao wao haukuwa wa kutegemewa. Walifundishwa na mabanda, bega kwa bega, kelele masikioni. Arslan aling'ara akimtumia Kazumi, na Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 Kazumi hakuwemo. Ikabidi ajifunze mtu upya, akahamia kwa Nina. Fundi akiisimulia habari hii hukazia sehemu ya mwisho, kana kwamba yeye na Arslan wamekumbwa na msiba mmoja.

Huku Afrika Mashariki nako tuna watu. Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow kwa jina la ulingoni, aliwahi kusajiliwa na timu ya nje kwa kucheza Tekken hiyo hiyo. Na kwenye Street Fighter yupo Elena, binti wa kifalme kutoka Kenya, aliyeanza mwaka 1997 na kurudi kwenye Street Fighter 6 Juni 2025. Elena anapigana kwa kapoera, anatumia miguu karibu tupu, na akichoka anaweza kusimama katikati ya ugomvi akajitibu. Kibandani ubishi ulizuka kwa nini Mkenya apigane kwa mtindo wa Brazili, mpaka mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu akakumbusha kwamba kapoera yenyewe ilizaliwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Ubishi ukahamia kwa nini basi hakuna Mtanzania. Mmoja akapendekeza kiboko. Watalii wanalipa dola kwenda Hifadhi ya Katavi wakati wa kiangazi, Mto Katuma ukiwa umebaki madimbwi na viboko kwa mamia wamejazana humo wakitoana damu, na Tekken ina dubu tayari. Pendekezo lilipita bila kupingwa, halikuwa na wa kulipokea.

Fundi alirudi kwa King. Safari hii alihamishia mazoezi mchana, dukani, na hapa ndipo mambo yalipoharibika kistaarabu. Tekken 6 ya PSP huchezwa kwenye simu za Android kwa programu iitwayo PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, na King yumo. Simu ya Fundi mwenyewe ilikuwa nzee, inaganda. Simu za wateja hazikuwa nzee.

"Fundi, mimi nilileta spika."

"Ndiyo mama, spika tayari. Nilikuwa napima tachi."

"Sasa mbona inawaka moto? Na huyu chui ni wa nini?"

"Ni wa kupimia tachi, mama."

Simu nyingine ilirudishwa na mwenyewe baada ya siku chache. Mwanawe wa darasa la tatu aliigundua gemu na sasa hataki kufanya kazi za shule. Aliomba ifutwe. Fundi akaifuta bure, kwa huzuni, kwa kuwa humo alikuwa amefika mbali.

Hata hivyo kidole kilianza kusikia. Kioo cha simu hakina vitufe vya kushikika, kwa hiyo mazoea ya Law yalikosa pa kujishikiza, na mshiko wa King ukapata nafasi yake kwenye mkono. Kibandani usiku wakaanza kuona mabadiliko: Fundi anatembea, hasiti, anashika. Bado alifungwa, ila sasa alifungwa akiwa anafanya kitu kinachoeleweka. Benchi, ambalo hapo mwanzo lilikuwa la kucheka tu, likaanza kutoa maelekezo. Usishike mara mbili mfululizo. Mpige kwanza aogope, ndiyo umshike. Anajinasua kwa mraba tu huyo, mpe mshiko wa pembetatu. Wale waliokuwa wanasubiri aanguke walikuwa wanajua mengi kuliko video zote alizoteketeza bando kuzitazama, na wengine walikuwa wanafunzi wenye mtihani asubuhi.

Ushindi ukaja usiku ambao mtandao ulitulia kidogo. Mpinzani alikuwa na Yoshimitsu, na kuanzia sekunde ya kwanza kila mtu aliona: anakuja mbele mno, anatembea kidogo, anasita. Naye alikuwa anajifunza. Mechi ikawa ya watu wawili wanaosoma karatasi. King alishika hewa, Yoshimitsu alizunguka akaanguka mwenyewe, King akashindwa kumfikia kwa wakati, wakatazamana. Raundi ya mwisho wote wawili damu imebaki ya kupimia kwa rula. Fundi akaingia kushika. Kabla hajafika, yule mwenzake, popote alipokuwa duniani, akabonyeza alichodhani ni ngumi, na Yoshimitsu akajichoma upanga akafa.

Hoja ikazuka kama ule ni ushindi. Upande mmoja ulisema adui amejiua, Fundi hakumgusa. Upande wa pili ukasema amejiua kwa sababu ya shinikizo. Mwenye kibanda akaamua kwamba skrini imeandika Fundi kashinda na skrini ndiyo serikali.

Ujumbe ukaingia kwenye akaunti ya Texas, kwa Kireno, na hakukuwa na wa kuusoma. Kijana wa kidato cha nne akasema kwa jinsi alivyoona alama za mshangao ni matusi. Mwingine akasema hapana, hizo ni pongezi. Fundi akafikiri, akachukua pedi, akachagua herufi moja moja kwa ule mshale wa polepole, akajibu: Marahaba.

Jamaa akatuma mwaliko wa mechi nyingine. Fundi akaukubali kabla benchi halijamaliza kushauri. Wakarudi kwenye kuchagua wahusika, Fundi akamchukua King, na upande wa pili mshale ukapita juu ya Yoshimitsu, ukashuka mstari mmoja, ukasimama kwa Eddy.